Fahamu namna majeraha ya kemikali machoni yanavyopimwa kwa picha bila kuligusa jicho

Wakulima, wavuvi, mafundi na wajasiriamali wa wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, hutumia kila siku kemikali zenye uwezo wa kuharibu jicho kwa dakika chache. Tone moja la maji ya betri, punje ya chokaa au mchirizi wa kostiki soda huweza kumwachia mtu kovu la maisha. Baada ya ajali ya namna hiyo mgonjwa na ndugu zake huwa na swali moja: je, jicho litaona tena?

Kwa miaka mingi jibu la swali hilo lilitegemea macho na uzoefu wa tabibu peke yake. Leo zipo mashine zinazopiga picha za tabaka za jicho na mishipa yake midogo ya damu kwa kutumia mwanga, bila kisu, bila sindano na bila kuligusa jicho. Makala haya yanaeleza namna mashine hizo zinavyofanya kazi, kinachofanyika katika vituo ambavyo havina mashine hizo, na wajibu wa mwananchi katika nusu saa ya kwanza baada ya ajali. Muda huo ndio wenye uzito kuliko kipimo chochote kinachofuata.

Kemikali zilizo karibu na wananchi

Mbinga ni wilaya ya kahawa. Katika milima ya Umatengo, inayojulikana pia kwa kilimo cha ngoro, wakulima hupulizia mibuni viuatilifu ili kukabili chulebuni, kutu ya majani na wadudu waharibifu. Baadhi ya dawa huwa na madini ya shaba. Ipo pia dawa ya asili ya mrututu unaochanganywa na chokaa, na chokaa ndiyo sehemu ya mchanganyiko huo iliyo hatari zaidi kwa jicho. Ajali nyingi za aina hii hutokea wakati wa kupima na kuchanganya dawa, wakati wa kufungua bomba lenye mgandamizo, au mkulima anapopulizia akiwa ameuelekea upepo.

Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, wavuvi wa dagaa wanaofahamika kwa jina la usipa huvua usiku kwa taa. Taa nyingi siku hizi hutumia betri, na betri za maji zina tindikali ya salfa. Kifuniko kikilegea ndani ya mtumbwi unaoyumba, au fundi akiongeza maji ya betri bila miwani, tindikali huruka moja kwa moja usoni. Hatari hiyo ipo pia katika gereji na vibanda vya kuchajia betri.

Majumbani na kwenye maeneo ya ujenzi zipo chokaa ya kupakia kuta, saruji, dawa za kuondoa madoa na kostiki soda inayotumiwa na vikundi vya watengenezaji sabuni. Vipo pia vyanzo vya asili: utomvu mweupe wa mnyaa unaopandwa kama uzio, na mate ya swila, nyoka anayetema sumu akilenga macho. Sumu ya swila si kemikali ya dukani, lakini huchoma uso wa jicho, na huduma ya kwanza ni ileile: maji mengi, mara moja.

Kwa nini chokaa huumiza kuliko tindikali

Kemikali nyingi zinazochoma jicho ziko katika makundi mawili: tindikali na alkali. Machozi ya kawaida yana kipimo cha pH kinachokaribia 7, yaani katikati. Maji ya betri hushuka hadi kiasi cha 1 au chini ya hapo. Maji ya chokaa hupanda hadi kupita 12, na kostiki soda nzito hukaribia 14.

Watu wengi huiogopa zaidi tindikali, kwa kuwa uchungu wake huja ghafla. Hata hivyo, tindikali inapogusa uso wa jicho hugandisha protini, na protini hizo zilizoganda huwa kama ukuta unaopunguza kasi ya tindikali iliyobaki kupenya. Alkali hufanya kazi kwa njia nyingine. Huyeyusha mafuta yaliyomo katika kuta za seli, kwa namna ileile kostiki soda inavyogeuza mafuta kuwa sabuni, kisha huendelea kushuka. Ndani ya dakika chache huweza kuvuka konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho yenye unene wa takribani nusu milimita, na kufika kwenye majimaji yaliyo nyuma yake. Chokaa na saruji huongeza hatari nyingine: punje zake hunasa chini ya kope la juu na kuendelea kutoa alkali kwa saa nyingi, hata baada ya uso kuoshwa.

Ukingo wa konea

Pale ambapo konea angavu inakutana na weupe wa jicho upo ukanda mwembamba unaoizunguka konea kama pete. Katika ukanda huo ndimo zinamoishi seli shina, yaani seli mama zinazozalisha ngozi mpya ya konea kila siku. Seli hizo hulishwa na mishipa midogo sana ya damu.

Mchubuko wa katikati ya konea unaweza kupona ndani ya siku chache endapo pete hiyo ni nzima. Pete ikiungua na mishipa yake ikifa, seli mama hukosa chakula na hufa pia. Konea hukosa ngozi mpya, kidonda hakifungi, mishipa isiyotakiwa huota juu yake, na jicho hufunikwa na ukungu mweupe. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ambalo daktari wa macho hulitafuta ni kiasi cha pete hiyo kilichopoteza damu.

Madaraja ya ukubwa wa jeraha yanayotumika hospitalini yamejengwa juu ya jambo hilo. Mfumo wa Roper-Hall wa mwaka 1965 una madaraja manne na huangalia ukungu wa konea pamoja na sehemu ya ukingo iliyokosa damu: chini ya theluthi moja, kati ya theluthi na nusu, au zaidi ya nusu. Mfumo wa Dua wa mwaka 2001 una madaraja sita. Huugawa ukingo katika sehemu 12 kama uso wa saa ya ukutani, kisha huhesabu sehemu zilizoathirika pamoja na asilimia ya utando wa jicho ulioungua. Katika daraja la kwanza ukingo haukuguswa. Katika daraja la sita sehemu zote 12 zimeathirika.

Hapa ndipo familia nyingi hupotoshwa na mwonekano wa jicho. Jicho jekundu linalochoma na kutoa machozi huonekana baya, lakini wekundu ni dalili kwamba damu bado inapita. Jicho lililoungua vibaya huweza kuwa jeupe na tulivu kama kauri, kwa kuwa mishipa yake imekufa. Maumivu pia huweza kupungua, kwa sababu mishipa ya fahamu imeungua. Mgonjwa anayerudi nyumbani akiwa na furaha kwamba wekundu umekwisha siku hiyohiyo huenda ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote.

Mashine inavyoona

Kutofautisha mshipa uliokufa na mshipa uliosinyaa kwa macho matupu ni kazi ngumu hata kwa bingwa. Njia ya zamani ya kupata uhakika ilikuwa kudunga rangi maalumu kwenye mshipa wa mkono na kuipiga picha inapopita machoni. Njia hiyo huhitaji sindano, na baadhi ya watu hupata kichefuchefu au mzio.

Tomografia ya mwanga, inayofahamika hospitalini kwa kifupi cha OCT, imeondoa ulazima huo kwa wagonjwa wengi. Teknolojia hii ilitangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Marekani kwa ajili ya kuangalia sehemu ya nyuma ya jicho, na mwaka 1994 ilionyeshwa kuwa inaweza kupima pia sehemu ya mbele. Mashine hurusha mwanga wa infraredi usioonekana, kisha hupima namna mwanga huo unavyorudi kutoka katika kila tabaka. Kwa ulinganisho, ni kama mvuvi anayekadiria kina cha maji kwa mwangwi, isipokuwa hapa kinachopimwa ni mwanga na vina vyake ni vya sehemu za elfu za milimita. Matokeo ni picha ya jicho kana kwamba limekatwa katikati, ilhali halikuguswa.

Kwa mgonjwa wa kemikali picha hiyo hueleza mambo matatu. Kwanza, huonyesha unene wa konea: imevimba kwa maji au imeanza kuliwa na kuwa nyembamba kiasi cha kutishia kutoboka. Pili, huonyesha kina cha jeraha, yaani tabaka zilizoungua na zilizosalimika. Tatu, huonyesha kilicho nyuma ya ukungu, ikiwamo njia ya kutolea maji ya jicho, ambayo ikiziba husababisha presha ya macho.

Hatua iliyofuata ni angiografia ya tomografia ya mwanga. Mashine hupiga picha ya mahali palepale mara kadhaa ndani ya muda mfupi mno, kisha kompyuta hulinganisha picha hizo. Nyama ya jicho iliyotulia haibadiliki kutoka picha moja hadi nyingine, lakini chembe nyekundu za damu zinazotembea hubadili picha. Kompyuta hukusanya mabadiliko hayo na kuchora ramani ya mishipa yenye damu inayopita. Sehemu ya ukingo isiyo na damu hubaki tupu kwenye ramani, na daktari huweza kuipima kwa tarakimu badala ya kukisia. Mwaka 2019 madaktari wa Hospitali ya Macho ya Moorfields, London, walichapisha taarifa kuhusu matumizi ya kipimo hicho kwa watu walioumizwa macho na kemikali.

Faida nyingine ni kwamba kipimo huweza kurudiwa. Kwa kuwa hakuna sindano wala rangi, mgonjwa hupimwa siku ya kwanza, baada ya siku chache, na baada ya wiki kadhaa. Daktari huona kama mishipa inarudi au inazidi kufa, na kwa msingi huo huamua kuendelea na dawa za matone, kufunika jicho kwa utando wa kondo la nyuma, au kupanga upandikizaji wa seli shina.

Mipaka ya kipimo

Mashine haitibu, na wala haiondoi haja ya daktari. Mgonjwa hutakiwa kukaza macho mahali pamoja, jambo gumu kwa mtoto au mtu mwenye maumivu makali. Kope zilizovimba huziba njia ya mwanga. Damu inayotembea polepole sana huweza isionekane, hivyo mshipa ulio hai ukahesabiwa kuwa umekufa. Mashine nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya nyuma ya jicho na huhitaji lenzi ya nyongeza kwa sehemu ya mbele. Ni za gharama kubwa, huhitaji umeme wa uhakika na mtaalamu wa kuzisoma. Kwa sababu hizo mashine za namna hii hupatikana zaidi katika hospitali kubwa zenye mabingwa wa macho.

Kwa mgonjwa wa Mbamba Bay maana yake ni safari. Barabara ya lami kupitia Mbinga hadi Songea, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ina urefu wa zaidi ya kilometa 150, na kutoka hapo huenda akahitaji kupelekwa hospitali ya kanda au Dar es Salaam. Hakuna jicho linaloweza kusubiri safari hiyo bila kuoshwa.

Kinachofanyika pasipo na mashine

Zahanati na kituo cha afya bado vina uwezo wa kufanya mambo ya msingi, na mengi kati ya hayo pia ni vipimo visivyoumiza. Karatasi ya litmasi ikigusishwa kwenye ukingo wa ndani wa kope la chini huonyesha kama jicho bado lina tindikali au alkali. Jicho huoshwa hadi kipimo kirudi karibu na 7, husubiriwa dakika chache, kisha hupimwa tena, kwa sababu kemikali iliyojificha ndani huweza kurudi juu.

Rangi ya manjano ya fluresini ikiwekwa machoni na kumulikwa kwa mwanga wa buluu huonyesha kwa kijani sehemu zilizochubuka. Kope la juu hugeuzwa ili kutafuta punje za chokaa. Uwezo wa kuona hupimwa kwa chati ya kawaida au kwa kuhesabu vidole, na huandikwa, kwa kuwa bila kumbukumbu ya siku ya kwanza haiwezekani kujua kama mgonjwa anaendelea vizuri.

Simu ya mkononi nayo imekuwa msaada. Katika nchi jirani ya Kenya, watafiti walioendesha uchunguzi wa macho wa Nakuru mwaka 2013 walijaribu matumizi ya simu kupima uwezo wa kuona na kupiga picha za macho mbali na hospitali kubwa, kazi iliyozaa mfumo wa Peek. Kwa jeraha la kemikali, picha safi iliyopigwa na mhudumu wa afya kwa ridhaa ya mgonjwa, kwenye mwanga wa kutosha, mgonjwa akiangalia juu, chini, kulia na kushoto, humwezesha mtaalamu aliye mbali kuona ukingo wote wa konea na kushauri kama rufaa ni ya haraka. Picha hupigwa baada ya kuosha, kamwe si kabla.

Hatua za kuchukua mara ajali inapotokea

1. Osha jicho papo hapo kwa maji safi yaliyo karibu: ya bomba, ya ndoo au ya chupa. Yasipopatikana, tumia maji ya ziwa au ya mto. Usisubiri maji maalumu ya hospitali.
2. Kwa chokaa au saruji, pangusa haraka unga ulio usoni, kisha osha kwa maji mengi.
3. Lisha kichwa upande ili maji yasiingie katika jicho zima. Fungua kope kwa vidole, kwa kuwa mgonjwa hatoweza kuzifungua mwenyewe.
4. Endelea kuosha kwa dakika 30 bila kukatiza. Ikiwezekana, endelea hata wakati wa safari ya kwenda kituoni.
5. Usimimine siki, maji ya ndimu, magadi wala kitu kingine kwa nia ya kuua makali ya kemikali. Mchanganyiko huo huongeza jeraha.
6. Usitie maziwa, asali, utomvu wa majani au dawa za kienyeji. Usitumie matone yaliyobaki kutoka kwa mgonjwa mwingine.
7. Usifikiche jicho.
8. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama maumivu yamepungua na jicho limekuwa jeupe. Beba chupa au pakiti ya kemikali, na ukumbuke saa ya ajali.

Kinga na sheria

Miwani ya kukinga inayofunika pande zote za macho ni ya bei ndogo ukilinganisha na nauli ya safari moja ya rufaa. Mkulima anashauriwa kuivaa tangu anapofungua chupa ya dawa, si wakati wa kupulizia tu, na kuweka ndoo ya maji safi kando ya mahali pa kuchanganyia. Wavuvi wanashauriwa kufunga betri katika sanduku lisiloyumba. Kostiki soda na chokaa zisihifadhiwe katika chupa za soda au maji, wala mahali panapofikiwa na watoto.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali husimamia kemikali za viwandani na majumbani, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania husimamia viuatilifu. Mwananchi anayeuziwa dawa isiyo na lebo anapaswa kuikataa na kutoa taarifa kwa ofisa kilimo wa kata. Mfanyakazi aliyeajiriwa akiumia kazini ana haki ya kudai fidia kwa mujibu wa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na kumbukumbu za vipimo na picha za siku ya kwanza humsaidia kuthibitisha madai yake.

Teknolojia ya kupiga picha za jicho itaendelea kusogea karibu na wananchi. Hata itakapofika, itapima tu kile kilichosalimika. Kiasi cha kilichosalimika huamuliwa mapema zaidi, shambani au ufukweni, na mtu aliyekuwa karibu na ndoo ya maji.